Mke wa Mti

Wamakonde wanasimulia kwamba hapo mwanzo palikuwa na kiumbe mmoja tu, hajaoga, hajanyoa, hana wa kumwita wala wa kumwitikia. Upweke ulipomzidi alitwaa gogo, akalichonga mpaka likawa sanamu ya mwanamke, akaisimamisha nje ya makao yake, akalala. Kulipokucha sanamu ilikuwa mtu. Wakateremka mtoni kuoga, na yule mchongaji naye akawa mtu kamili. Lakini mtoto waliyempata huko bondeni alizaliwa amekufa. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye akafa. Wa tatu walimzaa juu kabisa, kwenye uwanda, naye akaishi. Hadithi hii husimuliwa kueleza kwa nini watu wa Newala na Tandahimba, na ndugu zao wa Mueda ng'ambo ya Ruvuma, walijenga juu mbali na maji, hata ikawa kazi ya wanawake kuteremka na kupanda na ndoo kichwani. Husimuliwa pia ili mgeni ajue kwa nini Mmakonde na patasi hawaachani. Mimi kila nikiisikia naiona ni hadithi ya mapenzi, tena ya kutisha, kwa sababu kuna swali ambalo wasimulizi hulivuka haraka: yule bwana alimpenda nani hasa, mwanamke aliyeamka na kutembea, au mti aliokuwa ameushika mikononi usiku kucha?

Maana mti ulikuwa wake. Urefu aliupanga yeye, pua aliichagua yeye, na kimya cha mti alikizoea. Asubuhi ikatokea sauti ambayo hakuichonga. Hapo ndipo penzi lolote linapopimwa, na wengi hatuvuki. Mtu hukaa na sura aliyoichonga kichwani mwake, akailisha, akaizungumzisha gizani, kisha mwenye sura akija na mawazo yake, na uchovu wake, na hamu ya kwenda kwao, mpenzi anaona ameibiwa. Wahenga walilijua jambo hili walipotuachia kwamba akipenda, chongo huita kengeza. Walilijua hata la pili yake, lile zito zaidi: kipenda roho hula nyama mbichi. Katika methali ya kwanza kuna upofu wa kuchekesha. Katika ya pili kuna meno.

Ukitaka kuyaona meno hayo, tazama sanamu za shetani, zile za mpingo zinazouzwa kuanzia Mtwara mpaka Mwenge, Dar es Salaam. Mtindo huo si wa kale kama watalii wanavyoambiwa. Anayetajwa kuuanzisha, kwenye miaka ya 1950, ni Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetokea upande wa Msumbiji. Katika sanamu hizo miili miwili hupindana hadi usijue mkono huu ni wa nani na goti lile limetokea wapi. Ulimi wa mmoja unaingia sikioni mwa mwenzake, tumbo la huyu linakuwa mgongo wa yule, na jicho linabaki moja kwa wawili. Ninayo moja ndogo, imekaa juu ya kabati jirani na televisheni, na kwa sababu hiyo usiku niliotazama filamu ya White Mischief macho yangu yalikuwa hayatulii. Yalikwenda kwenye kioo, yakapanda kwenye mpingo, yakarudi kwenye kioo, na baada ya muda nikahisi vitu hivyo viwili vinasimulia jambo moja, kimoja kwa hariri na kingine kwa mti mweusi.

Filamu yenyewe ilitoka mwaka 1987, imeongozwa na Michael Radford kutokana na kitabu alichokichapisha James Fox mwaka 1982, na kisa chake ni cha kweli. Novemba 1940 mwenye mashamba Mwingereza, Sir Jock Delves Broughton, mwanamume wa miaka 57, aliingia Kenya na mke mpya, Diana, wa miaka 27. Haikupita hata miezi miwili Diana akawa amependana na Josslyn Hay, Earl wa Erroll, mwanamume mwenye sura, jina na deni la mioyo ya wanawake wengi. Walionekana pamoja Muthaiga Club, wakicheza dansi mbele ya mume, wakati huo London ikipigwa mabomu ya Wajerumani. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941 Erroll alipigwa risasi ndani ya gari lake la Buick karibu na Karen. Broughton alishtakiwa, na tarehe 1 Julai akaachiwa huru. Disemba mwaka uliofuata alikufa hotelini Liverpool kwa mofini aliyojipa mwenyewe. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa kifo cha Erroll.

Kuna kipengele kimoja cha kisa hicho ambacho kwangu kinazidi risasi. Kabla hawajaoana, Broughton na Diana walikuwa wamepatana kwamba ikitokea binti akampenda kijana, mzee hatazuia, tena atampa pauni 5,000 kila mwaka. Soma tena. Mtu mzima, mwenye akili zake, aliamini moyo wake mwenyewe ni karani ambaye akishaandikiwa hati ataitii. Alijichonga: akajitengenezea Broughton mwungwana, asiye na wivu, mwenye kucheka yakimfika. Kisha yakamfika. Tunadhani mpenzi wa kichaa humchonga mwenzake tu, kumbe gogo la kwanza kupigwa patasi ni yeye mwenyewe.

Na yupo Alice de Janzé, Mmarekani wa kundi lile lile la akina Erroll, ambaye katika filamu anachezwa na Sarah Miles kama mtu aliyekwisha kufa akasahau kuzikwa. Anafungua mapazia asubuhi, analiona jua la Kenya na mandhari ya kupendeza, na uzuri ule unamchosha. Huyu naye hakutungwa. Mwaka 1927 alimpiga risasi mpenzi wake Raymond de Trafford katika stesheni ya Gare du Nord mjini Paris, akajipiga na yeye, wakapona wote wawili. Mahakama ya Ufaransa ikamhurumia. Mwaka 1932 akaolewa na huyo huyo aliyempiga risasi. Ndoa haikukaa. Septemba 1941, miezi minane baada ya kifo cha Erroll, ambaye Alice alimpenda pia, alijiua nyumbani kwake Kenya. Ukiyapanga maisha hayo juu ya meza utakuta ndiyo ile sanamu juu ya kabati langu.

Lakini katika filamu hiyo wapo watu wengine. Wamevaa kanzu nyeupe, wamefunga mishipi, wamebeba masinia. Wanapita nyuma ya kila busu. Kamera inawategemea, maana bila wao anasa haionekani, ila haisimami kwao hata mara moja kuuliza usiku wanarudi kwa nani. Kweli ya historia ina kejeli kubwa kuliko filamu: waliokuta gari la Erroll alfajiri ile, taa zikiwaka na mwili umejikunja chini, walikuwa Waafrika wawili wa lori la maziwa. Penzi lililotikisa koloni nzima lilipofika mwisho wake, mashahidi wa kwanza walikuwa watu waliokuwa njiani kupeleka maziwa ya watoto wa wengine. Nao walikuwa na watu waliowapenda. Pengine mmoja wao usiku ule alikuwa na jambo kifuani la kumtoa usingizini. Hatutajua, kwa kuwa hakuna aliyewauliza zaidi ya gari na saa.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipoacha Nairobi yakarudi kusini, kwetu Mtwara. Kwa sababu filamu ya visa vya zamani hailishwi na mapenzi peke yake. Inakula makaratasi. Inataka mwenendo wa kesi, barua, picha za harusi, shajara, nguo zilizotunzwa kwenye makasha. Erroll ana filamu kwa sababu ana faili. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, tunaweza kumfuata hatua kwa hatua, tangu alipotoroka Unguja Agosti 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akaoana naye Aden, akampoteza mjini Hamburg mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akabaki baridini na watoto, mbali na dini yake na udugu wake. Tunaweza kwa sababu aliandika, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1886. Miezi michache tu kabla hajatoroka, Machi 1866, David Livingstone aliyekuwa mgeni wa kaka yake Salme, Sultani Majid, alifika huku kwetu. Alijaribu kuingia mlango wa Ruvuma, mikoko ikamshinda, akashukia Mikindani. Naye huyo alikuwa mpenzi wa kichaa wa aina yake. Mkewe Mary alikwisha kufa Shupanga, kando ya Zambezi, mwaka 1862, akimfuata mume anayefuata maji. Tofauti ni kwamba mwanamume akipenda mto hadi kuangamiza nyumba yake, wanambandikia kibao ukutani, na Mikindani kibao hicho kipo.

Mikindani hiyo ni mji ambamo filamu ya visa vya zamani ingeweza kupigwa bila kujenga ukuta hata mmoja. Ipo Boma ya Wajerumani ya mwaka 1895. Zipo nyumba za mawe zenye roshani, nyingine zimeota mibuyu michanga dirishani. Upo mtaa unaoshuka hadi ghubani, ambako maji yakipwa mashua hulala ubavu. Na nyakati za kusimuliwa zipo tele. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga, wao wenyewe wakiwa wamepofuka kwa penzi: walichora mashamba, wakaipenda ramani, wakachimba bandari ya kina Mtwara na kutandika reli kwenda Nachingwea, kabla ya kuuliza udongo unasemaje. Mwaka 1951 mpango ukazikwa. Bandari ikabaki, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo Wajerumani na Wareno walikwisha kugombea kipande cha Kionga, upande wa kusini wa mlango wa Ruvuma. Mjerumani alikitwaa mwaka 1894, Mreno akakirudisha mwaka 1916 katikati ya vita. Ardhi ile ya mikoko na chumvi ilipendwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kulala hapo na kuumwa na mbu wake.

Sasa fikiria ni watu wangapi walipita katika miaka hiyo. Vibarua waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kwa mitumbwi kuja kukata mkonge, wameacha wake upande wa pili na kukuta wake upande huu. Mafundi, madereva, makarani wa Kigoa, mabaharia wa majahazi ya kaskazi walioshuka Mikindani na kuzuiwa na upepo miezi mizima. Wanawake wa mji waliochezwa unyago, wakafundwa na makungwi jinsi ya kupenda bila kujimaliza, kisha wakajimaliza vilevile, kwa kuwa mafundisho ni ya kichwa na jambo lenyewe halikai huko. Hapakosi kuwa na aliyeuza shamba la mikorosho la wajomba zake kwa ajili ya mtu. Hapakosi aliyevuka mto usiku wa bamvua, wakati bahari inapanda juu mtoni na mamba hawajulikani walipo, kwa sababu ameambiwa tu kwamba fulani ameonekana Palma. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ana kauli, hivyo penzi la kichaa halikuwa kamwe siri ya wawili. Lilikaliwa vikao, lilipelekwa kwa mganga, lilitungiwa nyimbo ngomani zenye mafumbo ya kumchoma mtu akiwa amesimama pale pale. Kisha waliolijua wakafa, nalo likazikwa nao. Faili hakuna.

Kwa hiyo kiu yetu ya mapenzi yenye kuangamiza tumeimaliza kwa wengine. Pwani yote inamjua Devdas, yule wa Kihindi, aliyeanza katika riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay ya mwaka 1917, akafika kwetu na sura ya Shah Rukh Khan mwaka 2002, akanywa hadi akafia langoni kwa Paro. Watu wamelia kwa ajili yake katika vibanda vya video, sabufa zikitikisa mabati, na wengine wamemlilia bila kuelewa neno moja la Kihindi. Kwetu wenyewe, penzi likiua, linapata mistari mitatu gazetini: mtu fulani, mkazi wa mahali fulani, auawa, kisa wivu wa mapenzi. Earl wa Erroll aliuawa, ikidhaniwa kwa jambo hilo hilo, akapewa kitabu, filamu na mjadala usiokwisha. Mkulima anapewa kisa wivu wa mapenzi, na ukurasa unafunuliwa. Ninajua hatari ya ninachosema. Hariri ya filamu huficha damu, na wanaokufa katika visa hivi mara nyingi ni wanawake. Sitaki apambwe muuaji. Ninachotaka ni kwamba aliyekufa asiwe kisa.

Mtu ataniambia tunayo Vuta N'kuvute, na kweli tunayo. Riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 ilifanywa filamu na Amil Shivji, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar, mara ya pili tu nchi yetu kufanya hivyo, baada ya Maangamizi ya mwaka 2001. Unguja ya miaka ya 1950 imepigwa pale kwa mwanga wa kutamanisha: vichochoro, taa za kandili, sauti ya Siti Amina akicheza Mwajuma. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mtu wa rika la baba yake, anatoroka na kuangukia kwa Denge, kijana wa siasa anayesakwa na polisi wa mkoloni. Naipenda filamu hiyo, na naitetea mbele ya yeyote. Hata hivyo, angalia adui yuko wapi. Yuko nje. Ni mkoloni, ni mila, ni mume mzee. Wapenzi wenyewe ni safi, wanavutwa na dunia huku na huku, ila hawavutani wao kwa wao hadi kuchanika. Ndivyo tunavyowapenda watu wetu wa zamani tunapowaweka kwenye kioo: wamesimama wima, wanapigania kitu, wanaumizwa na wengine. Tumewachonga. Babu amekuwa mti mzuri, hana wivu, hana ujinga, hajawahi kumfuata mtu Palma.

Ninaelewa ilivyotokea. Watu walioonyeshwa miaka mingi wakiwa wamebeba masinia nyuma ya mabusu ya wengine, wakipata kamera yao wenyewe hawaanzi na kujidhalilisha. Wanaanza na heshima. Ruy Guerra alipokwenda Mueda, ng'ambo ya mto, na kutoa mwaka 1979 filamu juu ya mauaji ya tarehe 16 Juni 1960, hakuna aliyetarajia akawaulize watu wa pale habari za mahaba. Kila jambo na wakati wake. Ila heshima ikizidi muda wake inakuwa patasi. Kumnyima mtu makosa yake ni kumnyima nusu ya uhai wake, na Mwingereza wa Muthaiga hatatuzidi utu kwa sababu tu yeye ameruhusiwa kuonekana mpumbavu.

Katika hadithi ya Wamakonde jambo ambalo mchongaji hakulipanga ndilo lililozaa watu. Mwanamke aliondoka pale aliposimamishwa. Waliteremka, wakakosea bonde, wakazika, wakapanda, wakazika tena. Hakuna anayewaficha wale watoto wawili wa mwanzo. Wamo kwenye simulizi, wanahesabiwa, na msimulizi akiwaruka atarudishwa nyuma na wasikilizaji. Wazee waliotunga hadithi hiyo walikuwa na ujasiri ambao waandishi wetu wa filamu bado wanautafuta, kwa kuwa waliianza nasaba yao kwa upweke, kichaa na misiba, na hawakuona kwamba imewapunguzia kitu.

Mikindani na Msimbati bado wapo watu waliozaliwa kabla ya mpango wa karanga, na kila mwaka wanapungua. Ewe kijana wa Mtwara mwenye kamera, hata kama ni ya simu, usiwaulize tena habari za Livingstone. Hizo zimeandikwa. Waulize ni nani katika mtaa ule alipenda hadi akaharibikiwa, nani alivuka mto akapotea, nani alirudi na nani hakurudi, na wakikwambia mambo hayo hayasemwi, kaa chini, agiza chai, na usiondoke.